KAZI BORA KATIKA MJI WA SHABA: DHANA YA KURIDHIKA NA KAZI KATIKA MAANDISHI YA LUBUMBASHI

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa mitaa ya jiji la Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga, umo mtaa uitwao Hewa Bora. Msemaji wa Kiswahili kutoka Lamu, Tabora au Unguja hahitaji mkalimani wa kumfasiria jina hilo. Katika jiji hilohilo umo pia mtaa uitwao Bel-Air, na jina hilo la Kifaransa lina maana ileile. Katika mji mwingine majina ya namna hii yangeweza kupita kama pambo tu. Lubumbashi, hata hivyo, ni mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Tanuri la kuyeyushia madini la kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga lilianza kazi mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi wake ulikuwa ndio dalili kwamba kazi ipo. Moshi huohuo uliua misitu ya miombo upande wa kaskazini-magharibi, unakoelekea upepo, na udongo wa Penga Penga ulioharibiwa kwa sababu hiyo umekuwa uwanja wa utafiti wa wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Kwa hiyo, mjini hapo, kazi na hewa bora havikuwa vitu vya kupatikana mahali pamoja.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi maandishi ya Kiswahili yaliyotoka katika mji huo yanavyolinganisha kazi ambayo mtu anaifanya na kazi ambayo moyo wake unaitamani. Swali hili halijapewa nafasi kubwa katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Wahakiki wengi wa miaka ya 1970 na 1980 waliitazama kazi kwa jicho la unyonyaji: nani anaifanya, nani anafaidi, na je, mfanyakazi amekwisha kuamka? Kipimo hicho kilifaa sana katika kusoma riwaya kama Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979), inayohusu wachukuzi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa mwaka 1948. Hata hivyo, kina upungufu. Kinamwuliza mfanyakazi kama anadhulumiwa, lakini hakimwulizi kama kazi yake inamridhisha, wala kama ingemridhisha endapo dhuluma ingeondolewa.

Hoja ya msingi inayotetewa hapa ni kwamba katika maandishi ya Lubumbashi kazi huhesabiwa kuwa imemridhisha mtu pale inapoweza kukumbukwa ikiwa na jina la aliyeifanya. Wepesi wa kazi na ukubwa wa mshahara huja baadaye. Hoja hiyo itajengwa juu ya matini mawili: historia ya mji iliyoandikwa na waliokuwa watumishi wa nyumbani mwaka 1965, na masimulizi ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu ya miaka ya 1973 na 1974. Ili tofauti ionekane wazi, matini hayo yatawekwa kando ya Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, ambayo wanafunzi wa Afrika Mashariki wanaifahamu zaidi.

2.0 Kazi na Kutumika

Uchunguzi hauna budi kuanza na lugha yenyewe. Katika Kiswahili cha Katanga, aghalabu mtu hasemi kwamba anafanya kazi katika kampuni fulani. Husema kwamba anatumika huko. Kwa mzungumzaji wa mwambao kitenzi hiki kinaelekeza fikra kwenye chombo kinachofaa kwa matumizi, au kwenye mtu anayetumwa huku na huko. Itakuwa ni kosa kudai kwamba msemaji wa Lubumbashi husikia utumwa kila anapolitamka neno hilo, kwani maana ya neno huamuliwa na wanaolitumia na si na asili yake. Hata hivyo, kitenzi hicho kina mwelekeo. Mtu hutumika kwa mwingine: kwa bwana, kwa kampuni, kwa serikali. Kazi ya namna hiyo ina mwenyewe, naye si yule anayeifanya.

Nomino kazi, kwa upande wake, ni pana zaidi. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha katika kampasi ya Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliandika mwaka 1973 makala juu ya neno hilo kama lilivyotumiwa na wafuasi wa Jamaa. Jamaa ni jumuiya ya Kikatoliki iliyochipuka katika miaka ya 1950 huko Ruwe, karibu na Kolwezi, chini ya padri Mfransisko Placide Tempels, na wengi wa wafuasi wake walikuwa wafanyakazi wa migodi pamoja na wake zao. Fabian alionyesha kwamba kwa watu hao kazi ilivuka mipaka ya ajira ya mshahara. Ilihusu pia wito wa imani na malezi ya wenzao katika mafundisho ya uzima, uzazi na mapendo. Mtu yuleyule aliyetumika mgodini mchana aliweza kusema kwamba kazi yake hasa iko kwingine. Pengo baina ya kazi inayofanywa na kazi inayotamaniwa limo tayari ndani ya msamiati wa kila siku.

Pengo hilo lilipanuliwa na sera ya kampuni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière iliacha hatua kwa hatua utaratibu wa kuajiri wanaume kwa muda mfupi na kuwarudisha kwao. Badala yake ilianza kuwakaza mjini kwa mikataba mirefu: mfanyakazi aliruhusiwa kuishi na mke, akapewa nyumba kambini, posho ya chakula, hospitali, na shule kwa ajili ya watoto. Matokeo yake ni kwamba kazi iliyotamaniwa mjini haikutajwa kwa aina ya utendaji, mathalani useremala au ufundi wa mitambo, bali kwa jina la kampuni. Kilichotamaniwa kilikuwa yale yaliyofuatana na kazi. Lakini nyumba ilifuatana na ajira, na aliyepoteza ajira alipoteza paa. Aidha, baba huyo mlezi aliweza kuua: tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma mjini humo wakidai nyongeza ya mishahara walipigwa risasi na askari.

Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikipa kitabu chake cha mwaka 2001 jina ambalo nusu yake ni Kiswahili cha mji: Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba anayetajwa ni kampuni. Jina hilo linatosha kuonyesha kwamba kuridhika na kazi, katika mazingira hayo, kulifungamanishwa na kulelewa.

3.0 Utubora: Kazi Iliyochaguliwa

Kabla ya kuyatazama maandishi ya Lubumbashi, yafaa kukumbuka jinsi swali hili lilivyojibiwa na mwandishi mkuu wa Kiswahili cha mwambao. Shaaban Robert (1909-1962) aliishi maisha ya karani wa serikali ya kikoloni tangu mwaka 1926. Katika Utubora Mkulima, riwaya iliyochapishwa mwaka 1968 baada ya kifo chake, alimwumba mtu afanyaye kile ambacho karani wa mshahara hakukipata kwa urahisi. Utubora anaiacha kazi ya mshahara katika nyumba ya biashara, ingawa tajiri wake hataki kumwachia, anakwenda Busutamu kulima, na huko anapata utulivu wa nafsi, heshima ya majirani na hatimaye ndoa.

Wahakiki wamekwisha kusema mengi juu ya udhanifu wa riwaya hii, na hakuna haja ya kuyarudia. La kuzingatia hapa ni masharti ya kuridhika kwa Utubora. Kwanza, ana hiari: anaweza kuacha kazi bila ya kufa njaa. Pili, ana mahali pa kwenda, nako ardhi haina ugomvi. Tatu, kazi anayoitamani inalingana na tabia aliyokwisha kuwa nayo. Jina lake lenyewe ni utu na ubora uliounganishwa. Katika riwaya hii kazi haimfanyi mtu kuwa bora, bali mtu aliye bora huitafuta kazi inayomfaa. Kazi ya matamanio iko mbele, na safari ya kuiendea ndiyo msuko wa hadithi.

Mtumishi wa nyumbani wa Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi mwaka 1966, hakuwa na sharti hata moja kati ya hayo matatu. Je, yeye angeweza kuandika nini juu ya kuridhika?

4.0 Historia ya Watumishi: Kazi Isiyochaguliwa

Jibu limo katika matini yaitwayo Vocabulaire de la ville de Élisabethville, yaliyotolewa mwaka 1965 kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani na kutungwa na André Yav. Yalipigwa taipu kwa Kiswahili cha Katanga, kwa tahajia isiyofuata kanuni yoyote ya shule, maneno yakiungana na kutengana kwa namna inayomtaabisha msomaji. Fabian aliyachapisha pamoja na tafsiri na ufafanuzi mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, mwenyeji wa Lubumbashi, huku Walter Schicho akiandika maelezo ya kiisimu. Ili yaeleweke, ilimlazimu Kalundi Mango ayasome kwa sauti, yaliposikika, yakaeleweka. Hilo peke yake lafundisha kwamba mwandishi aliandika kwa ajili ya sikio, na kwamba jamii aliyoiandikia ilikuwa jamii ya wasikilizaji.

Wakati wa kutolewa kwake una maana. Mwaka 1965 jaribio la kujitenga kwa Katanga lilikuwa limekwisha tangu Januari 1963, na Union Minière ilikuwa bado haijataifishwa, jambo lililotukia mwanzoni mwa mwaka 1967. Wazungu wengi waliokuwa na watumishi walikuwa wamekwisha kuondoka tangu uhuru wa mwaka 1960. Watumishi hawa, kwa hiyo, walikuwa wanaandika juu ya kazi ambayo haikuwapo tena kwa namna waliyoijua.

Jina la matini linapotosha. Si kamusi wala orodha ya maneno. Ni historia, inayoanza nyakati za mfalme Leopold II na kusimulia jinsi Wazungu walivyofika, jinsi walivyowachukua watu wa kuwatumikia, ujira mdogo, mapigo na dharau, vita, majina ya utani ambayo Waafrika waliwapa mabwana zao, na hofu ya mitumbula, watekaji wa usiku waliosemekana kuwakamata watu mjini kwa ajili ya kuliwa. Pengine neno vocabulaire lilichaguliwa kwa sababu lilisikika kuwa na hadhi ya kitabu cha shule. Lakini linaweza kusomwa pia kama dai: haya ndiyo maneno ya mji, na wenye kuyajua ni wale waliokuwa ndani ya nyumba.

Hapo ndipo penye uzito wa matini haya. Msomaji wa haraka atayaona kuwa ni orodha ya malalamiko, na malalamiko kweli yamo. Mtumishi wa nyumbani hakuwa mtu wa kampuni. Hakuwa na kambi, wala posho ya Union Minière, wala baba mlezi. Alilala nyuma ya nyumba ya bwana, na alipofukuzwa hakuwa na ofisi ya kushtakia. Kwa kipimo cha mji, kazi yake ilikuwa chini ya kazi iliyotamaniwa. Ingetarajiwa basi kwamba matini yamlinganishe mtumishi na mfanyakazi wa mgodi na kulia kwamba amekosa bahati. Mkazo wake hauko hapo. Yanamlinganisha mtumishi na mji mzima, na kudai kwamba yeye alikuwako tangu mwanzo, alisafiri na Wazungu wa kwanza, aliwapikia, aliwafulia, aliwajua kwa tabia zao, na kwamba historia ya mji haiwezi kusimuliwa bila ya yeye.

Kwa maneno mengine, kazi isiyochaguliwa inapewa thamani kwa nyuma. Utubora anauliza: kazi gani inanifaa? Watumishi wa mwaka 1965 wanauliza: kazi tuliyoifanya imejenga nini, na nani atasema kwamba ni sisi? Swali la kwanza ni la mtu mmoja aliye na hiari. La pili ni la chama cha watu waliokwisha kustaafu. Haitoshi kusema kwamba la pili ni swali la mnyonge aliyekosa la kwanza. Ni kipimo kingine cha kuridhika, kinachohitaji mashahidi. Ndiyo maana matini yalitolewa kwa jina la chama, na ndiyo maana yanamwandama msikilizaji kwa majina na mahali.

Kasoro za matini zisifichwe. Mpangilio wa wakati unavurugika, mambo ya uvumi yamechanganywa na mambo ya hakika, na wanawake wanaonekana kwa nadra ingawa kazi ya nyumba ya mtumishi mwenyewe ilifanywa na mkewe. Kwa kipimo kilekile ambacho matini yanakidai kwa watumishi, yaani kukumbukwa kwa jina, wake wa watumishi wamenyimwa haki. Kasoro hii ni kubwa kuliko ya tahajia, na ingefaa itajwe kila matini haya yanapofundishwa.

5.0 Tshibumba: Kazi ya Soko na Kazi ya Moyo

Matini ya pili yanaliweka pengo baina ya kazi mbili ndani ya mtu mmoja. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa Élisabethville mwaka 1947 na kujipatia riziki kwa kuchora. Katika miaka ya 1970 picha za namna yake zilichorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga na kuuzwa kwa bei ndogo kwa wenye nyumba wa mjini, ambao walizitundika sebuleni. Wanunuzi walitaka mambo yaliyozoeleka: mambamuntu, yaani nguva wa majini, mandhari ya kijiji, na picha ya jela ya enzi za Wabelgiji, mfungwa akichapwa huku bwana akitazama. Neno lililotumiwa kueleza faida ya picha kama hizo lilikuwa ukumbusho. Picha nzuri ni ile inayomkumbusha mwenye nyumba jambo fulani na kumpa la kuwasimulia wageni.

Mchoraji wa soko alilazimika kurudiarudia. Akichora jela leo, kesho ataichora tena, kwa kuwa ndiyo inayonunuliwa. Tshibumba hakukataa kazi hiyo, maana ndiyo iliyomlisha. Lakini alijiita mwanahistoria, na alikuwa na shauku ya kuchora historia yote ya nchi yake tangu mwanzo. Alipokutana na Fabian mwishoni mwa mwaka 1973 alipata mnunuzi aliyekubali kununua mfululizo mzima. Katika muda wa mwaka mmoja hivi alichora zaidi ya picha 100, kuanzia kabla ya kufika kwa Wazungu, kupitia ukoloni, mauaji ya wagomaji wa Union Minière, uhuru na kifo cha Patrice Lumumba, hadi wakati wake na hata mbele yake. Kila picha aliieleza kwa Kiswahili, na mazungumzo hayo yalirekodiwa. Fabian alichapisha picha na maelezo katika kitabu cha mwaka 1996, Remembering the Present.

Kwa mhakiki wa fasihi, maelezo hayo ni masimulizi kamili, na picha ni sura zake. Sauti ya msimulizi ni ya mtu anayejua kwamba amepata kazi aliyoitaka. Anajisahihisha, anabishana, anatetea chanzo chake, anatofautisha alichokiona na alichokisikia. Hizi ni tabia za fundi anayeijali kazi yake. Mchoraji aliyechora jela kwa ajili ya sebule hakudaiwa uthibitisho. Mwanahistoria alidaiwa, na alilipenda dai hilo.

Hata hivyo, tofauti baina ya kazi hizo mbili isitiwe chumvi. Kitambaa kilikuwa kilekile na rangi zilezile. Jela ya sebuleni imo pia ndani ya mfululizo wa historia, ila sasa ina mahali pake baina ya tukio lililotangulia na tukio lililofuata. Kazi ya soko ilimpa Tshibumba mkono, kazi ya moyo ikautumia mkono huo. Anayedhani kwamba kazi ya matamanio huanza pale ile ya riziki inapoachwa, kama ilivyo kwa Utubora, atashindwa kueleza jinsi picha hizi zilivyopatikana.

6.0 Pingamizi

Pingamizi moja lenye nguvu haliwezi kupuuzwa. Inaweza kusemwa kwamba kukumbukwa ni malipo ya wale waliokosa malipo. Mtumishi aliyepunjwa ujira anafarijiwa kwa kuambiwa kwamba alijenga mji. Mchoraji anayelala njaa anafarijiwa kwa kuitwa mwanahistoria. Mhakiki anayesifu kuridhika kwa namna hiyo huenda anawasaidia wale waliofaidika na kazi hizo bila ya kuzilipia.

Historia ya baadaye ya mji inaipa hoja hii uzito. Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi Union Minière, ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, na kufikia mwaka 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka chini ya tani 50,000. Mishahara ikakoma kwa miezi mingi. Katika miaka ya 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Kazi ambayo mji mzima uliitamani ikawa karatasi ya malipo ya mwisho. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba kazi yake itakumbukwa ni kejeli.

Naye Tshibumba, kazi yake ya moyo ilidumu kadiri mnunuzi alivyodumu. Fabian aliondoka nchini mwaka 1974. Mchoraji akarudi kwenye soko lake, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hazikupatikana tena habari zake. Mfululizo wenyewe uko Amsterdam. Ukumbusho uliochorwa kwa ajili ya watu wa nchi yake umetundikwa mbali na sebule zao.

Pingamizi hili linakubalika, lakini halibatilishi hoja, linaiwekea mpaka. Kukumbukwa si badala ya mshahara, na matini yenyewe hayasemi hivyo. Watumishi wa mwaka 1965 wanataja ujira mdogo na mapigo, na hawasemi kwamba historia imeyalipa. Wanadai vyote viwili: walipunjwa, na walijenga. Uhakiki uliozoea kuona ama mnyonge asiyejitambua ama mwanamapinduzi aliyeamka hauna nafasi ya mtu asemaye kwamba kazi ilikuwa mbaya na kwamba ni yake. Mtu huyo ndiye anayezungumza katika matini ya Lubumbashi, na huenda ndiye aliye wengi zaidi duniani.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Utubora Mkulima inaiweka kazi bora mbele, kama mahali pa kufikia. Historia ya watumishi inaiweka nyuma, kama jambo la kushuhudiwa. Na masimulizi ya Tshibumba yanaiweka ndani ya kazi ya kila siku, ikingoja mtu wa kuigharimia. Hakuna mojawapo inayozibatilisha nyingine. Msomaji aliyeisoma ya kwanza tu atadhani kwamba Kiswahili kina jibu moja, nalo ni la mtu mwenye hiari ya kuacha kazi.

Sababu ya matini ya Lubumbashi kutosomwa sana katika idara za Kiswahili za Afrika Mashariki inajulikana. Lugha yake huitwa Kingwana, au huhesabiwa kuwa Kiswahili kibovu, na walimu huogopa kuwachanganya wanafunzi. Wenyeji wa Lubumbashi wenyewe wana msemo wa Kiswahili bora kwa ile lugha ya mahubiri na vitabu, wakiitofautisha na lugha ya nyumbani na kazini. Lakini kilichoandikwa katika lugha hiyo ya nyumbani na kazini, kuhusu kazi hasa, hakina mfano wake katika Kiswahili bora cha miaka ileile: historia ya mji iliyotungwa na wapishi na wafuaji nguo, kwa maneno yao, bila ya mwandishi wa kuwasemea.

Yafaa basi matini haya yafundishwe kando ya Shaaban Robert na Shafi Adam Shafi, yakisomwa kwa sauti kama alivyoyasoma Kalundi Mango, na tahajia yake iachwe ilivyo. Yafaa pia wanafunzi wa Lubumbashi, wa Hewa Bora na wa mitaa mingine, wapewe kazi ya kuandika juu ya wake wa watumishi na wa wachimbaji, ambao kazi yao haikuingia katika historia ya mwaka 1965. Wengi waliojua kazi hiyo kwa mikono yao wamekwisha kufa, na waliobaki ni wazee sana.